Kaeni Chini, Watakuja: Wanyama na Ndege wa Tabora Mjini Wakati wa Kiangazi

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini na ninasimamia watoto 12 wa klabu ya mazingira. Likizo ya mwezi wa sita tulitembea Jumamosi tatu mfululizo, saa nne hadi saa sita, kutoka shuleni hadi karibu na stesheni na kurudi. Tuliona kunguru, njiwa na mijusi basi. Watoto wamekata tamaa, wanasema wanyama wako Serengeti na Katavi tu. Hela ya basi hatuna. Darubini tunayo moja tuliyopewa, ila kila anayeiangalia anasema anaona vitu viwili viwili. Kiangazi ndiyo kinakaza. Tufanyeje tuone wanyama hapa hapa mjini kabla ya mvua?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Mji hauna kosa. Kosa liko kwenye saa mliyotoka na kwenye kutembea kwenyewe. Watu 13 wakipita barabarani saa nne ya kiangazi wanawafukuza wanyama walio mbele yao, na wale wasiofukuzwa wamekwisha jificha kivulini. Lakini kiangazi cha Tabora kina jambo moja linalowafaa sana nyinyi msio na nauli. Tangu mwezi wa tano hadi wa kumi mvua hakuna, au ikija ni ya kuhesabu matone, na mnyama anabaki na shida tatu: maji, mti wenye ua au tunda, na kivuli kizito. Vitu hivyo havihami. Mkijua viko wapi, mnakaa chini na kusubiri.

Kwanza saa, maana Tabora ina lake. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini sisi tuko magharibi, na jua linatufikia karibu dakika 25 baada ya kufika Dar es Salaam. Mwezi wa saba linachomoza karibu kabisa na saa moja asubuhi, na kuzama ni saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi. Mwezi wa kumi linawahi kidogo, saa kumi na mbili unusu. Kwa hiyo ushauri wa kila siku wa "fikeni saa kumi na mbili" utawafanya mkae gizani mkitetemeka. Mwezi wa saba na wa nane kukicha baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini yake, wadudu wanakuwa wameganda majanini, na ndege wanaowala hawana haraka. Kaeni kuanzia saa moja kamili hadi saa tatu. Jioni, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili unusu. Kuanzia mwezi wa tisa anzeni asubuhi nusu saa mapema zaidi.

Saa nne yenu inafaa mahali pamoja tu, kwenye maji. Ndege wala nafaka hula mbegu kavu, na mbegu kavu haina maji ndani yake, kwa hiyo lazima wanywe kila siku, mara nyingi baada ya kushiba asubuhi. Chozi anayefyonza maua, na ndege wala wadudu, wanapata maji yao kwenye chakula. Hao hawaji sana kunywa, wakija wanakuja kuoga. Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini beseni la maji linaleta kundi fulani la ndege na kuacha jingine, wala hamtalilaumu.

Beseni lenyewe ndilo kazi ya kwanza ya klabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi huliharibu. Chukueni kifuniko kipana cha ndoo kubwa ya plastiki, au sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua. Maji yasizidi sentimita 4 katikati, na ukingoni yawe sentimita 1. Ndege mnaowataka wana miguu mifupi kuliko njiti ya kiberiti. Karai halifai: lina kina, kuta zake zinateleza, na ndege mdogo akitumbukia hatoki. Kifuniko cha plastiki nacho kinateleza, basi tandazeni changarawe chini, kisha wekeni kipande cha tofali katikati kitokeze juu ya maji.

Mahali pa kuliweka ni mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka au ua wa miti. Likiwa karibu zaidi, paka atalivizia. Likiwa mbali zaidi, ndege ataona hana pa kukimbilia mwewe akipita. Simamisheni tawi kavu lenye matagaa, urefu wa mita moja au zaidi, pembeni yake. Ndege hatui majini moja kwa moja, anatua kwanza juu, anakagua, ndipo anashuka. Tawi hilo ndilo litakalowapa watoto muda wa kumtazama. Nyinyi kaeni mita 10 hadi 12 mkiwa na jua mgongoni, yaani asubuhi beseni liwe magharibi yenu. Walimu wengi hupuuza jambo hili la jua, kisha watoto wanaona ndege weusi watupu, kumbe ni kivuli chao tu.

Maji yanayodondoka yanavutia kuliko yaliyotulia, kwa sababu ndege anayasikia na kuyaona yakimetameta. Chukueni chupa ya maji ya lita 1.5, toboeni kitako kwa sindano iliyopashwa moto, ijazeni, funikeni, muitundike tawini mita moja juu ya beseni kitako kikiwa chini. Kifuniko kikikazwa kabisa maji hayatoki, kwani hewa haiingii. Kilegezeni kidogo kidogo mpaka mpate tone moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo chupa inadumu karibu saa nane. Kasi itapungua kadiri maji yanavyoshuka, basi mtoto wa zamu alegeze tena. Tundu likiziba, chumvi au vumbi ndivyo vimeziba. Pitisheni sindano, msilipanue.

Kila asubuhi mwageni maji yote, sugueni kwa majani makavu au brashi bila sabuni, jazeni upya. Sabuni huondoa mafuta yanayolinda manyoya ya ndege, kwa hiyo hata maji ya kuoshea vyombo msiyalete. Kumwaga kila siku pia kunaondoa hoja ya jirani atakayelalamika kwamba mnafuga mbu: kwenye joto mbu anahitaji kama siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka, hivyo beseni linalomwagwa kila siku halizai mbu hata mmoja. Wiki ya kwanza msitarajie kitu. Ndege wa mji wanahitaji siku kadhaa kuamini kitu kipya, na mtoto akienda kuchungulia kila baada ya dakika tano hawataamini kamwe.

Watakaokuja mapema ni hua na tetere. Waambieni watoto wawatazame wanavyokunywa: njiwa na jamaa zake wanazamisha mdomo na kufyonza mfululizo bila kuinua kichwa, ilhali ndege wengine wengi huchota tone, huinua kichwa, na kulishusha kooni. Dalili hiyo inamsaidia mtoto kumtambua njiwa akiwa mbali. Kisha watakuja shore, mwenye kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, na kuzumburu, wale wa kijivu wenye mkia mrefu wanaotembea kwa kundi na kuning'inia matawini kama panya. Na siku moja mtaona videge vya buluu hafifu, vidogo kuliko shomoro, vikishuka wanne au watano kwa mpigo. Kundi hilo likizoea, litakuja kila siku karibu saa ile ile.

Kuna wageni wengine: nyuki. Huu ni mkoa wa asali, na kiangazi nyuki wanahitaji maji ya kupozea mzinga. Changarawe ile mliyotandaza inawafaa pia, wanatua bila kuzama. Wakiwa kumi au ishirini hawana neno, wanakunywa na kuondoka. Wakizidi mpaka ukingo umejaa, ondokeni kwa utulivu, mwache beseni likauke siku mbili, kisha mlihamishie mbali na madarasa. Msiwapulizie dawa, msiwapige maji, na msiweke sukari hata chembe.

Sasa mti. Tabora ina bahati ya miembe mikubwa, mingine imesimama tangu enzi za misafara, nayo haipukutishi majani wakati miti mingine imebaki fimbo. Kwa hiyo mchana wa kiangazi mwembe ni hoteli. Msitafute ndege kwa kutazama juu kwanza. Tazameni chini. Alama nyeupe za kinyesi zikiwa nyingi mahali pamoja chini ya tawi moja, juu yake kuna anayelala hapo kila siku. Mkiokota vidonge vya kijivu vya sentimita 3 hadi 5 vilivyojaa manyoya na mifupa midogo, huyo ni bundi. Vidonge hivyo si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kisichosagika. Kilowekeni kidonge katika maji ya vuguvugu dakika 20, kipasueni kwa sindano juu ya karatasi nyeupe, na watoto watapata mafuvu ya panya yenye meno yake. Osheni mikono kwa sabuni baada ya hapo. Najua bundi ana jina baya mitaani, na kuna wazee watakaowaambia msimtaje. Hamna haja ya kubishana nao. Fuvu moja la panya juu ya karatasi linaeleza kazi yake kuliko maneno.

Mwezi wa saba na wa nane mwembe unatoa maua, na maua yake yanajaza nzi, nyigu na wadudu wengine wadogo. Hapo mtaona chozi na ndege wala wadudu wakizunguka matawi ya nje. Mkuyu wowote uliobaki kwenye korongo au kiwanja una thamani zaidi: ukizaa, hata kama si msimu, ninga wenye rangi ya kijani watafika, nanyi mtasikia matunda yakidondoka kabla ya kuwaona, kwa kuwa rangi yao na ya majani ni moja. Mjakaranda na mninga huchanua kuelekea mwisho wa kiangazi. Mninga hukaa na maua yake ya manjano kwa wiki chache tu, basi mkiuona umeanza msiseme "Jumamosi ijayo".

Pembeni mwa mji, kwa mfano upande wa Kwihara kwenye nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, mnakutana na mabaki ya miombo. Hapo ndipo watu hukata tamaa upesi, kwa sababu msitu wa kiangazi unanyamaza. Mtakaa nusu saa bila kusikia hata mlio. Si kwamba hauna kitu. Ndege wala wadudu wakati huu hutembea kwa msafara mmoja, aina kumi au zaidi pamoja, wengine wakipekua magome, wengine majani, na mramba mweusi mwenye mkia wa panda akiwafuata ili adake kinachoruka. Msafara huo ukifika, mna dakika tano hadi kumi za kuona kila kitu, kisha kimya tena. Mkianza kuufuata kwa kukimbia mtaupoteza. Mgawane: mtoto mmoja atazame ardhini na vichakani, mwingine mashina, mwingine vilele. Kuanzia mwezi wa nane na wa tisa miombo hutoa majani mapya mekundu hata kabla ya tone la mvua, viwavi wanafuata majani, na ndege wengi wanaanza kujenga. Mkikuta kiota chenye mayai au makinda, rudini nyuma mita 20. Mama akikimbizwa kwa muda mrefu, makinda hupikwa na jua.

Huko huko anaweza kuwajia mlembe, ndege wa kijivujivu anayelia kwa kelele, anaruka mti mmoja mbele, anangoja, analia tena. Warina asali wa Tabora wanamjua. Anaongoza kwenye mzinga ili mkishatoa asali yeye ale nta na viwavi vya nyuki. Mtazameni, mfurahie, msimfuate. Mwisho wa safari yake ni nyuki, na nyinyi mna watoto.

Kwa ndege wa maji kuna mabwawa ya Kazima na Igombe. Igombe iko mbali zaidi, kaskazini mwa mji. Kwenu nyinyi anzeni na Kazima. Kadiri kiangazi kinavyokaza maji yanarudi nyuma na kuacha tope, na tope hilo ndilo meza. Kaeni penye ukingo ulio tambarare, si penye kingo zilizosimama. Mtaona yangeyange, mdiria mweupe na mweusi anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa, na pengine furukombe, tai mla samaki. Kuanzia mwezi wa tisa vitwitwi, ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, waliotoka kuzaliana Ulaya na Asia wanashuka kwenye tope, na mbayuwayu wa Ulaya wanajaa kwenye nyaya. Kanuni ndogo hapa: anayetua kwenye waya ni mbayuwayu. Teleka, anayefanana naye na kuruka pamoja naye, hana miguu ya kushika waya, hivyo hamtamwona ametua hapo hata siku moja.

Fundichuma, wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, mtafuteni kwa kiota chake. Ni rundo la vijiti lenye kuta na paa, linaloweza kufika mita moja na nusu kwa upana, na mlango wake uko ubavuni. Kikiachwa tupu wanaingia wengine, bundi kwa mfano, au nyoka, kwa hiyo hakuna mtoto wa kupanda kuchungulia. Bwawani msiingie majini hata kwa vifundo vya miguu. Kichocho kipo, na kabla ya kukaa ulizeni wavuvi kama mamba ameonekana na ni upande gani.

Watoto wanataka wanyama wenye miguu minne, naelewa. Rahisi kuliko wote ni nguchiro, wale wadogo wa kahawia wanaoishi kwa ukoo kwenye vichuguu vya zamani. Hawaamki mapema. Mwezi wa saba wanasubiri jua lipashe kichuguu, wanatoka mmoja mmoja saa mbili au saa tatu, wanaota jua, wanakunana manyoya, na mmoja anapanda juu kuwa mlinzi. Dalili za kichuguu chenye wenyewe ni matundu yaliyosuguliwa yakawa laini, yasiyo na utando wa buibui, na kinyesi kidogo kilichorundikana mahali pamoja. Kaeni mita 25. Mlinzi akilia wote watazama ndani, na mkitulia watarudi baada ya robo saa hivi. Kindi mtawakuta kwenye miti yenye matundu. Tumbili nao wapo penye miti mikubwa karibu na bustani. Sheria yenu iwe moja, hakuna kuwapa chakula. Tumbili akipewa ndizi leo, kesho anamnyang'anya mtoto mwingine, keshokutwa anauawa. Kalunguyeye msihangaike naye sasa. Kiangazi anajificha kwa muda mrefu, mtamwona mvua zikianza.

Na manati yabaki nyumbani. Wavulana wawili watatu watakuja nayo mfukoni, mnawajua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuua wanyamapori bila kibali, lakini hata bila sheria, ndege aliyerushiwa manati mara moja huenda asirudi tena kwenye beseni lenu.

Darubini yenu. Vitu viwili viwili vina sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: umbali wa macho haujarekebishwa, na uso wa mtoto ni mwembamba kuliko wa mtu mzima. Ishikeni mirija yote miwili, mkunje bawaba yake polepole mpaka duara mbili ziwe duara moja. Kila mtoto anakunja upya. Kisha afumbe jicho la kulia na kuzungusha gurudumu la kati akitazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto. Yakishakuwa safi, afumbe la kushoto na kuzungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia, bila kugusa gurudumu la kati. Pete hiyo anaikumbuka namba yake, na tangu hapo anatumia gurudumu tu.

Kama mmekwisha fanya hayo na bado ni viwili, darubini ilianguka na vioo vya ndani vimehama. Hiyo hairekebishiki nyumbani, na kuilazimisha kunaleta kichwa kuuma. Msiitupe: funikeni upande mmoja kwa kitambaa na gundi ya karatasi, muitumie kwa jicho moja. Inafanya kazi vizuri kabisa. Siku mkipata hela ya nyingine, tafuteni iliyoandikwa 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni kukuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zilizoandikwa 20 au 30 na zenye kuvuta na kurudisha ziacheni sokoni: mkono wa mtoto unatetemeka, na picha inatetemeka mara 20. Mwonyeni kila mmoja asielekeze darubini kwenye jua, hata kwa kutania. Na msiielekeze kwenye kambi ya jeshi, gereza wala uwanja wa ndege. Mtakuwa mnatazama mwewe, lakini askari wa zamu hatajua.

Usiku ni wa watu wazima na watoto wachache wakubwa. Kabla ya kutoka, mwambieni mwenyekiti wa mtaa na sungusungu mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Kikundi kinachomulika miti ya watu saa mbili usiku bila kujulikana kitaitwa wezi, au jina baya zaidi. Funikeni tochi kwa nailoni nyekundu, mwishike karibu na sikio, usawa wa macho, ili mwanga urudi kwenu kutoka kwenye macho ya mnyama. Tochi iliyoshikwa kiunoni haioni kitu. Kwenye migunga inayotoa utomvu mtafuteni komba. Miezi ya baridi wadudu wanapopungua, utomvu ndio chakula chake kikubwa, na macho yake yatawaka kama makaa mawili yanayorukaruka kutoka mti hadi mti. Mkimpata, ondoeni mwanga usoni mwake baada ya sekunde chache. Kwenye miembe mtasikia mlio kama mtu anagonga chupa kwa kijiko, mara moja kila sekunde, bila kuchoka. Wengi hudhani ni chura au mdudu. Ni popo dume anayekula matunda, anaita jike. Popo akianguka, msimshike kwa mkono mtupu.

Nguo ziwe za rangi ya vumbi. Mkienda porini acheni buluu iliyokolea na nyeusi, mbung'o wanazifuata. Vichakani angalieni upupu, maganda yake yamekauka sasa na vinyweleo vinapeperuka kwa kuguswa tu. Aliyepatwa asikune, kukuna kunavizamisha. Kwenye nyasi ndefu atangulie mtu mzima mwenye fimbo, na hakuna kuingiza mkono kwenye tundu lolote, liwe la kichuguu, la mti au la tofali.

Daftari moja linatosha klabu nzima: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, jua au mawingu, kisha jina na idadi. Muhimu ni kuhesabu kwa muda ule ule kila mara, tuseme dakika 20 kwenye beseni. Mkihesabu leo dakika 10 na Jumamosi ijayo saa nzima, namba hazilingani. Asiyejulikana achorwe: umbo la mdomo, urefu wa mkia, na alichokuwa anafanya. Rangi iwe ya mwisho. Hili nalisema kwa sababu kiangazi kwera na kweche dume wengi wanavua manjano na nyekundu zao, wanabaki na rangi hafifu au kahawia yenye michirizi, wengi wamefanana na shomoro. Hata mtu mzoefu huandika "kwera, aina haijulikani" na kuendelea. Msipoteze asubuhi nzima kubishana juu ya ndege wa namna hiyo. Watavaa tena rangi zao mvua zikija.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi au wa kumi na moja ikinyesha, wekeni daftari tayari siku hiyo hiyo. Kumbikumbi watatoka ardhini kwa maelfu, mara nyingi mara tu mvua inapokatika au jioni, na kila anayeweza kula mdudu atakuwepo: mwewe wakidaka hewani kwa kucha, kunguru wakiokota chini, mbayuwayu, kwezi, mijusi, na vyura waliokuwa wamejizika miezi mitano. Tafuteni kichuguu au taa ya mtaani yenye kumbikumbi wengi, mkae mita 10. Tukio lote linaweza kuisha ndani ya saa moja, kwa hiyo mpangeni mapema nani ataita wenzake.